Mpira wa Mtukufu Haukosi

Si zamani sana, wala si mbali na hapo ulipoketi, palikuwa na nchi iliyoitwa Jamhuri ya Tutafika. Ilikuwa nchi njema. Vijana wake walikuwa wengi, wenye afya na vyeti, na walichokosa kilikuwa kitu kidogo tu, kazi. Serikali, kwa huruma zake, ililiona tatizo hilo na kulimaliza kwa tangazo moja la redio: kuanzia asubuhi ile hakutakuwa tena na kijana asiye na kazi nchini. Wote wataitwa "vijana walio mapumzikoni".

Binti mmoja aitwaye Sikudhani alilisikia tangazo hilo akiwa kibarazani kwao, mtaa wa Vumbini, anamsuka jirani yake. Alikuwa na cheti cha ualimu kilicholala kabatini tangu siku aliyopewa.

"Kumbe niko likizo," alisema, huku akikaza unywele. "Na mimi siku zote nilidhani nina njaa."

Jioni yake, kama jioni nyingine zote, alikwenda uwanjani kucheza rede. Uwanja wenyewe ulikuwa mchanga mtupu kati ya soko na nyumba, haukuwa na goli wala benchi, lakini ndio uliolea Vumbini nzima. Kwenye rede, wawili husimama ncha hii na ncha ile, wakimrushia mpira wa soksi kuukuu yule aliye katikati. Yeye hukwepa. Mpira ukimkosa na kwenda mbali, anainama haraka na kujaza mchanga kwenye chupa. Akipigwa, ametoka. Akiijaza chupa, ameshinda. Basi. Hata mtoto ambaye hajajua kufunga vifungo anaijua kanuni hiyo.

Sikudhani hakuwa na mfano kwa kukwepa. Mwaija, rafiki yake tangu utotoni, hakuwa na mfano kwa kurusha. Mkono wa kulia wa Mwaija ulijulikana mitaa yote ya jirani, na walipopambana wao wawili wauzaji wa sokoni walifunga biashara wakaja kutazama. Wasichana waliokuwa wamenyamazishwa kutwa nzima majumbani walikuja pale wakapiga kelele mpaka sauti zikakauka. Wavulana walikuja kucheka na kuishia kuomba zamu. Hapakuwa na mtu aliyewaita, na hapakuwa na mtu aliyewafukuza.

Hilo, bila shaka, lilikuwa kosa. Jambo zuri lisilo na waziri haliwezi kuachwa hivi hivi.

*

Mambo yalianza pale Mtukufu Rais, Mlezi wa Taifa na Mwanamichezo wa Kwanza, aliporudi kutoka safari ya nje. Huko alikotembea aliona vijana wa watu wakicheza mchezo wa bibi zao ndani ya jumba lenye taa za rangi, wamevaa viatu vinavyong'aa, na umati unashangilia. Alirudi na hasira. Hata hakusubiri kushuka ngazi za ndege.

"Wenzetu wameichukua michezo ya bibi zao wakaifanya ya kisasa," aliwaambia mawaziri waliojipanga chini juani. "Je, sisi bibi zetu walikuwa wamelala?"

Mawaziri walipiga makofi, maana hawakujua jibu. Ila Profesa Mapambio, Waziri wa Mapumziko ya Vijana, alipiga makofi kwa muda mrefu kuliko wenzake, na kwa hiyo kazi akapewa yeye.

Profesa aliunda kamati. Kamati ikakaa kwenye hoteli yenye ubaridi wa kutosha kufikiria mambo ya asili, ikaanza kupitia michezo ya jadi mmoja mmoja. Kombolela ndiyo iliyotangulia. Mkuu wa Usalama alipoelezwa kwamba katika mchezo huo watu hujificha, na kwamba mmoja akichomoka mafichoni na kupiga kopo teke moja huwa amewakomboa wenzake wote waliokamatwa, alisimama akafunga madirisha. Aliuliza jina la mtu aliyeubuni mchezo huo na anapoishi. Kombolela ikapigwa marufuku. Mdako nao ukaondolewa, kwa kuwa unahitaji vijana kushika mawe. Bao lilijadiliwa kwa moyo wa ukarimu, lakini ilibainika kwamba watu wawili hukaa kimya muda mrefu wakifikiri, na hakuna mjumbe aliyekuwa tayari kuweka saini chini ya jambo kama hilo.

Ikabaki rede. Kamati iliibatiza jina la Mchezo wa Taifa wa Ukwepaji Endelevu. Mpira wa soksi ukafutwa, ukaletwa wa ngozi kutoka ng'ambo, wenye picha ya Mtukufu pande zote ili uso wake usigaregare chini kwa upande mmoja tu. Mchanga wa Tutafika ulipimwa ukakutwa hauna kiwango. Ukaagizwa mwingine kwa meli.

*

Sikudhani alichaguliwa timu ya taifa, naye alifurahi. Tusimcheke. Kijana aliyekaa mapumzikoni miaka kadha wa kadha hupata kiu ya kuitwa jina lake na mtu aliyeshika karatasi.

"Twende wote, Mwaija," alimwomba rafiki yake. "Wamekutaja na wewe. Tutacheza kwenye jumba lenye taa! Watoto wa mtaa watatuona kwenye televisheni."

"Shoga yangu, hawa hawautaki mchezo," Mwaija alisema. "Wanataka mahali pa kusimama wapigwe picha. Ukishaanza kucheza kwa idhini yao, siku wakiamka vibaya watakwambia uache."

"Wewe kila kitu unakiona kibaya."

"Basi nenda. Ukipata nafasi ya kusema neno, tusemee."

Waliachana kwa kununiana, Sikudhani akaenda kambini. Mazoezi ya kambini yalikuwa mazito. Asubuhi walijifunza kupunga mikono, mchana walijifunza kupiga makofi wakiwa wanakimbia, na jioni walijifunza wimbo wa kumshukuru Mtukufu kwa kuwaletea mchezo ambao bibi zao hawakuwahi kuuona. Mpira wenyewe ulifungiwa kabatini usichakae.

Wakati huohuo, uwanja wa Vumbini ulizungushiwa mabati. Yaliwekwa asubuhi moja na watu wasiojibu salamu, na juu yake likatundikwa bango: HAPA PANAJENGWA FURAHA YAKO. MARUFUKU KUPITA. Hakuna tofali lililoletwa. Ndani ya mabati mchanga ulibaki vilevile, peke yake, na nje yake vijana wakabaki na jioni ndefu wasizojua wazipeleke wapi. Baadhi walizipeleka kwenye vilabu vya gongo. Wengine walikaa tu ukutani wakitazama mabati.

Mwaija hakukaa ukutani. Aliwapeleka wasichana kwenye uchochoro nyuma ya soko, akachora mistari kwa kisigino, na rede ikaendelea. Ikaendelea mpaka ilipotungwa sheria dhidi ya Uchezaji Holela, na askari wakaja.

Taarifa ya polisi ilisomeka vizuri sana. Ilisema kikosi maalumu kilivamia genge la wachezaji, kikawatawanya, na kumkamata kinara wao akiwa na kifaa cha mviringo kilichotengenezwa kienyeji. Haikusema kwamba kinara huyo aliamriwa auachie mpira, akakataa, akaukumbatia kifuani. Haikusema kwamba askari, baada ya kuvuta na kushindwa, alichukua rungu akaupiga ule mkono wa kulia, akaupiga tena, mpaka vidole vikafunguka vyenyewe na soksi zikaanguka kwenye tope.

*

Sikudhani aliisikia habari hiyo kambini, kutoka kwa mpishi. Alitoka bila ruhusa, akaenda kituoni moja kwa moja, na jezi mwilini.

Mwaija alikuwa ameketi sakafuni, nyuma ya nondo. Mkono wake ulikuwa umevimba, umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

"Afande, huyu amevunjika," Sikudhani alimwambia askari wa mapokezi. "Anatakiwa hospitali sasa hivi."

"Hajavunjika," askari alijibu kwa upole. "Serikali haivunji mtu. Huo mkono umeamua wenyewe kuvimba."

"Utazame basi!"

"Dada, mimi nikishautazama itabidi niseme nimeuona. Usinitafutie matatizo."

Sikudhani alichuchumaa karibu na nondo. Mwaija aliinua macho, akaitazama jezi mpya, ile picha ya Mtukufu kifuani, kisha akageuza uso ukutani.

"Umependeza," alisema.

Hakuna tusi ambalo lingemuuma Sikudhani kuliko hilo. Alisimama. Aliivua jezi palepale mbele ya askari, akabaki na fulana yake ya ndani, akajifunga kanga mabegani, na akaenda wizarani akiwa vilevile.

Profesa Mapambio alimpokea kwa tabasamu pana. Kumbe alikuwa anamtafuta.

"Binti yangu, keti. Kesho kutwa Mtukufu anauzindua mchezo. Yeye ndiye atakayerusha mpira wa kwanza, na wewe, bingwa wetu, utakuwa katikati. Sasa, Kamati ya Kanuni imethibitisha kisayansi kwamba mpira wa Mtukufu haukosi. Na wewe unajulikana kwa kukwepa. Hatari unaiona?"

"Unataka nisikwepe."

"Mimi sitaki kitu. Taifa ndilo linalotaka. Simama tu, upigwe, uanguke kwa heshima."

"Na Mwaija?"

"Nani?"

"Yule mliyemvunja mkono."

Profesa alikunja uso kidogo, kama mtu aliyekanyaga maji kwa soksi. "Aa, yule wa Uchezaji Holela. Mtukufu akishapiga, kwa furaha yake atatangaza msamaha kwa wachezaji wote waliokamatwa. Hotuba imeshaandikwa. Kila kitu kinategemea mpira kukupiga, mwanangu."

Sikudhani alitamani kupindua ile meza yenye kioo. Badala yake alisema, "Nitasimama. Sitakwepa hata kwa unywele. Neno langu hilo."

*

Siku ya uzinduzi jumba lilijaa. Shule na vyuo viliagizwa kuleta vijana wenye furaha, na kila mwalimu alikagua furaha ya wanafunzi wake mlangoni. Mchanga wa ng'ambo ulimwagwa katikati, mweupe kama unga. Mawaziri walikaa mbele. Mtukufu aliingia amevaa viatu vinavyong'aa, akashikiliwa mkono mpaka kwenye mstari, akakabidhiwa mpira wenye sura zake mwenyewe.

Sikudhani alisimama katikati. Chupa ilikuwa miguuni pake. Alikuwa hajalala usingizi wa maana, na kila alipofumba macho aliuona ule mkono. Alisema moyoni, nipige, mzee, nipige yaishe, mwenzangu atoke.

Mtukufu alirusha.

Tuseme ukweli wetu wote: mpira ulitoka. Ulikwenda hatua chache, ukachoka, ukadondoka na kubingirika kando. Lakini mtangazaji alikuwa na karatasi yake tangu jana, akapaza sauti kwenye vipaza sauti: "Lo! Lo! Pigo la radi!" Mawaziri wakaruka na kukumbatiana. Kisha wakaona Sikudhani bado amesimama, na makofi yakafa moja moja.

Walinzi walikimbilia mpira wakamrudishia Mtukufu. Akarusha tena. Safari hii ulipita mbali, ukampata mpiga tarumbeta wa bendi. Wakausogeza mstari karibu. Akarusha tena, ukapaa juu, ukarudi nyuma ya kisogo chake mwenyewe. Mtukufu alikuwa anahema. Jasho lilimtoka likachora mifereji kwenye poda ya televisheni.

Profesa Mapambio alijikokota pembeni ya mchanga, ameinama kama anatafuta sindano. "Sogea!" alinong'ona kwa ukali. "Ufuate mpira! Upigwe!"

"Tulipatana nisimame," Sikudhani alijibu. "Nimesimama."

"Nakuamuru!"

Ni hapo ndipo kitu kilipomkatikia. Yeye, aliyejifunza kukwepa tangu hajaota meno ya ukubwani, alikuwa amekubali kugeuka kisiki ili rafiki yake apone, na bado wanamtaka aukimbilie mpira ili uongo usipate aibu! Wameuchukua uwanja, wakauchukua mchezo, wakauvunja mkono bora kuliko yote nchini, na hata kumpiga mtu aliyesimama hawawezi.

Mpira ulikuwa umekwenda mbali tena, walinzi wanaukimbiza. Sikudhani akapiga magoti. Akachota mchanga wa ng'ambo kwa mikono miwili, akautia kwenye chupa.

Jukwaa la vijana likashtuka. Walimu walisema nyamazeni, na kwa mara ya kwanza hawakusikiwa. Msichana mmoja kule juu akapiga kelele ile ya uwanjani, kelele ya Vumbini, "Jaza! Jaza!" na jumba zima likaipokea. Kila Mtukufu aliporusha, Sikudhani alisimama wima kama mlingoti, mikono ubavuni, mpira ukapita unakokwenda. Kila ulipofuatwa, alipiga magoti akachota. Mpaka mchanga ukafurika mdomoni mwa chupa. Akaiinua juu.

Vijana wakavunja jukwaa kwa kucheka na kulia. Bendi ikaamriwa kupiga wimbo wa taifa, ikaupiga mara nyingi, kwa nguvu zote. Na katikati ya wimbo huo wanaume wawili walikuja na machela, wakamlaza Sikudhani juu yake kwa nguvu.

"Mnanipeleka wapi?"

"Hospitali. Umeumia vibaya."

"Nimeumia wapi?"

Mmoja aliangalia karatasi yake. "Mguu wa kushoto. Tulia."

*

Taarifa ya habari ilieleza kwamba Mtukufu alimpiga bingwa kwa mpira wa kwanza, na kwamba mguu wake umevunjika kwa nguvu za pigo hilo. Picha zilizoonyeshwa zilikuwa za makofi tu. Na kwa kuwa pigo lilitokea, msamaha nao ulibidi utokee. Hotuba ilikuwa imeshaandikwa. Asubuhi iliyofuata Mwaija alifunguliwa mlango, akaambiwa ashukuru.

Alikwenda hospitali kwa miguu, ameukumbatia mkono wake kama mtoto mgonjwa. Pale dirishani alijibiwa kwamba karatasi ya polisi haionyeshi jeraha, na isitoshe hogo, ile plasta ya kufungia mfupa, halipo. Lililopo ni moja tu, limeletwa na wizara kwa ajili ya mguu wa mchezaji wa taifa.

Huyo mchezaji alikuwa wodi ya pili, amelindwa na askari mlangoni, anangoja kufungwa mguu wake mzima kabla Profesa hajafika na kamera. Alipoisikia sauti ya Mwaija koridoni aliruka kitandani.

"Mwingize huyo! Ni ndugu yangu!" alimwambia askari kwa ukali kiasi kwamba yule askari alijikuta amesogea.

Walitazamana. Mwaija alikuwa na homa, midomo imemkauka.

"Nimesikia hukukwepa," alisema.

"Sikukwepa."

"Na ukajaza."

"Nikajaza." Sikudhani alimshika bega zima. "Nisamehe, Mwaija. Nilikuja kukutazama na uso wao kifuani."

"Uliuvua. Yule afande alisimulia kituo kizima."

Daktari Mbelwa, kijana aliyekuwa zamu tangu jana, alikuwa amesimama kando na boksi la hogo mkononi. Aliutazama mkono wa Mwaija, akautazama mguu wa Sikudhani, akashusha pumzi.

"Ufunge huu," Sikudhani alimwambia.

"Hogo hili limeandikiwa mguu wako."

"Basi andika kwamba huu ndio mguu wangu."

"Nitafukuzwa kazi, dada."

"Kwa kosa gani? Umeambiwa ufunge mguu wa kushoto wa mchezaji wa taifa. Waliosema mzee yule alinipiga ndio hao hao watakaokuja kutazama. Kama macho yao yaliona pigo, yataona na mguu."

Daktari aliliweka boksi kitandani. Kisha akafunga mlango, akakunja mikono ya koti. Kuunyoosha ule mfupa hakukuwa mchezo. Mwaija aliuma kanga ya mwenzake mpaka ikatoboka, na wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuza nyuso. Hogo lilipokauka, Daktari Mbelwa aliandika juu yake kwa kalamu nene: MGUU WA KUSHOTO WA MCHEZAJI WA TAIFA.

Hapo hapo mlango ukafunguliwa. Profesa Mapambio aliingia na maua na faili la hotuba, kamera zimetangulia, taa nyekundu zinawaka. Nchi nzima ilikuwa inatazama moja kwa moja, kwa amri. Alimwona Sikudhani amesimama kwa miguu miwili. Alimwona kitandani msichana asiyemjua, na hogo jeupe lenye maandishi ya wizara yake. Mbele ya kamera mtu wa serikali hana kwa kukimbilia isipokuwa kwenye karatasi. Akafungua faili.

"Ndugu wananchi," alisoma, "jeraha hili mnaloliona ni kazi ya Mtukufu Rais mwenyewe. Hakusaidiwa na mtu yeyote. Hakuna mfupa katika nchi hii unaoweza kustahimili nguvu zake."

Bibi mmoja wa kitanda cha pembeni akashika kifua. "Mungu wangu! Ndiye aliyemvunja mtoto wa watu!"

Sikudhani alihisi hasira yote ya siku zile inapanda, ikafika kooni, na ajabu ni kwamba ilipofika pale haikuwa kelele. Alisema kwa adabu, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu:

"Mheshimiwa, tafadhali rudia. Kwa sauti zaidi kidogo, Vumbini wasikie."

Na Profesa Mapambio, ambaye maishani mwake hakuwahi kukataa kurudia sifa za Mtukufu, akasafisha koo akaanza upya kutoka juu. Kabla hajafika mwisho wa ukurasa, watu wa Vumbini walikuwa wameziacha televisheni zikisema zenyewe, wametoka nje mlango kwa mlango, na wanaelekea kwenye mabati.